Heather Cox Richardson: kutoka magazeti ya 1871 mpaka inboksi za mamilioni

Jumapili ya tarehe 15 Septemba 2019 profesa mmoja wa historia alikua nyumbani kwake Maine, ile jimbo ya juu kabisa kaskazini mashariki mwa Marekani, anapaka rangi nyumba huku anajiandaa kurudi Boston kufundisha, akaumwa na nyigu. Ana aleji na nyigu, sindano ya dharura hakua nayo, na kushika barabara kwenda Boston wakati hujui mwili utafanya nini ni hatari, kwahiyo akaamua atulie kwanza aone. Muda anao, akakaa akaandika posti Facebook. Huyo ndo Heather Cox Richardson, na ile posti ndo imemfanya leo kuwa mwanahistoria anayesomwa na watu wengi kila siku kuliko karibu mwanahistoria yeyote mwingine aliye hai Marekani.

Posti yenyewe ilikua inahusu barua. Ijumaa ya tarehe 13 mwenyekiti wa kamati ya ujasusi ya Baraza la Wawakilishi, Adam Schiff, alimtolea samansi, yaani amri ya kisheria ya kuleta nyaraka, kaimu mkurugenzi wa ujasusi wa taifa Joseph Maguire, na barua anamwambia kuna malalamiko ya mtoa taarifa, mtu wa ndani anayefichua uovu, umeyakalia, sheria inakutaka uyalete bungeni na hujayaleta. Wikiendi ile wengi hawakuona uzito wake. Richardson aliona kitu kimoja ambacho mtu aliyezoea kusoma karatasi za serikali ndo anakiona haraka, kwamba huyu ni mbunge anayemtaja afisa fulani wa serikali kwa jina na anataja sheria fulani ambayo anadai imevunjwa, na hiyo ni tofauti kabisa na kelele za kila siku za kwamba Trump kafanya hivi Trump kasema vile. Akawaeleza watu hivyo, kwa lugha ya kawaida. Watu wakaanza kumuuliza maswali, maana yake nini, huyo Maguire ni nani, je bunge linaweza kufanya nini asipotii, akajibu, yakaja mengine, akajibu tena, ikawa kila usiku anaandika. Tarehe 24 Septemba Spika Nancy Pelosi akatangaza uchunguzi wa kumshtaki rais, ile ishu iliyokua kwenye malalamiko yale, ya simu ya Trump na rais wa Ukraine Zelensky ya tarehe 25 Julai na msaada wa kijeshi wa karibu dola milioni 400 uliozuiwa ikafumka yote, na tarehe 18 Desemba Trump akashtakiwa na Baraza la Wawakilishi. Seneti ilikuja kumwachia Februari 2020. Lakini kufikia hapo Richardson alishahamia pia Substack, jukwaa la majarida ya barua pepe, tangu Novemba, na jarida lake la barua pepe lilikua na jina, Letters from an American.

Sasa wengi wanaomsimulia huyu mama wanaishia hapo. Nyigu, posti, umaarufu. Inapendeza kuisimulia hivyo lakini inaficha kitu muhimu sana, kwa sababu mtu akisoma hiyo stori anatoka na wazo kwamba ni bahati, kwamba ukiandika siku sahihi mtandao utakubeba. Mimi nimemfuatilia muda sasa na ninachoamini ni kwamba kazi aliyoanza kuifanya Septemba 2019 alishaifanya kwa zaidi ya miaka 20, ila magazeti aliyokua anayasoma yalikua ya karne ya 19 na wasomaji wake walikua wachache. Alichobadilisha ni tarehe ya gazeti. Na nitaonyesha pia kwamba hapo hapo ndo penye udhaifu wake.

Kazaliwa Chicago 1962, kakulia Maine, kasoma Harvard mpaka udaktari, chini ya watu kama David Herbert Donald ambaye ni mmoja wa waandishi wakubwa wa maisha ya rais Lincoln na alishinda Pulitzer mara 2. Kafundisha MIT, kisha chuo kikuu cha Massachusetts pale Amherst, kisha Boston College ambako ndo yupo. Ni njia ya kawaida ya profesa, hamna cha ajabu. Kitabu cha kwanza kilitoka 1997 na kilihusu sera za uchumi za chama cha Republican wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ukisikia mada unaweza ukasinzia, ila humo ndani kuna jambo kubwa. Vita ilianza 1861, serikali haina hela, na chama ambacho ndo kwanza kimeingia madarakani kikajikuta kinaijenga serikali ya taifa upya huku kinapigana. Mwaka 1862 peke yake walipitisha sheria ya kuwagawia watu ardhi ya magharibi, sheria ya ardhi kwa ajili ya vyuo vya serikali, reli ya kwenda Pasifiki, na wakachapisha noti za taifa, na kodi ya mapato ya kwanza ya taifa ilishapita mwaka mmoja kabla. Yaani chama ambacho leo kinaimba serikali ijiweke pembeni ndo kilichoanzisha kodi ya mapato. Swali la imekuaje chama hicho hicho kikafika huku limemshika maisha yake yote.

Kitabu cha pili, cha 2001, ndo ninachotaka tukae nacho, maana naona ndo ufunguo wa kila kitu alichofanya baadae.

Baada ya vita kuisha 1865 watumwa milioni 4 wako huru. Kaskazini imeshinda, Lincoln kauawa, na kwa miaka kadhaa kuna jitihada za kweli za kuijenga upya Kusini, wanaume weusi wanapiga kura, wanachaguliwa, wanakaa bungeni. Kufikia 1877 yote yamekufa. Swali la kila mwanahistoria wa kipindi hicho ni kwa nini watu wa Kaskazini, ambao walipoteza mamia ya maelfu ya vijana, waliwageuzia mgongo wale waliowakomboa. Jibu rahisi ni ubaguzi, na ubaguzi ulikuepo, hakuna anayebisha. Richardson akasema ngoja tuangalie walikua wanasoma nini asubuhi. Akaingia kwenye magazeti.

South Carolina ndo mfano wake mkubwa. Baada ya katiba mpya ya 1868 watu weusi walikua wengi kwenye baraza la wawakilishi la jimbo, kodi zikapanda kwa sababu sasa kuna shule za umma za kujenga na serikali inayohudumia watu wote, na wenye mashamba makubwa, ambao zamani mali yao ilikua ni watumwa, wakaja juu. Mei 1871 wakakutana Columbia kwenye mkutano walioupa jina la mkutano wa walipa kodi. Angalia ujanja wake. Hawakusema sisi ni mabwana wa zamani hatutaki weusi watawale, walisema sisi ni walipa kodi tunaporwa na watu wasio na mali. Na miezi hiyo hiyo, Machi mpaka Mei 1871, kule Ufaransa wafanyakazi wa Paris walikua wameushika mji, ile Komyuni, na magazeti ya Marekani yalikua yamejaa habari zake za kutisha. Msomaji wa New York Tribune, mfanyabiashara wa Kaskazini ambaye kabisa alikua upande wa Lincoln, anafungua gazeti anakuta Paris inaungua, halafu anasoma South Carolina masikini wamekamata serikali wanatoza matajiri kodi. Akilini mwake vitu viwili vikaungana vikawa kimoja. Mtu mweusi ambaye 1865 alikua shujaa wa kazi huru, yaani mtu huru anayejitafutia kwa jasho lake, akageuzwa kuwa mtu anayetaka kula mali ya wengine kwa kutumia kura.

Halafu akaja James Pike. Huyu sio mtu wa Kusini, ni mwandishi wa Republican, mpinga utumwa wa siku nyingi, aliwahi kuandikia Tribune, Lincoln alimtuma kuwa balozi Uholanzi. Mwaka 1873 kaenda South Carolina, kaandika anachodai kakiona, kikatoka kama kitabu 1874, na kimechora bunge la jimbo lile kama kundi la watu wajinga na wezi. Kwa sababu aliyeandika ni mtu wa upande wao, Kaskazini wakaamini. Kwa vizazi kadhaa maneno ya Pike yakawa yananukuliwa kama ushahidi.

Mimi nina pahali sikubaliani na Richardson. Naona uzito anaoupa magazeti na hofu ya matajiri wa Kaskazini unaacha bunduki pembeni kidogo. Serikali zile za Kusini hazikufa kwa makala peke yake, zilipigwa risasi. Hamburg, South Carolina, Julai 1876, wanaume weusi waliuawa baada ya kukamatwa, na waliofanya hivyo wakaja kuitawala jimbo. Gazeti lilisaidia watu wa mbali wasijali, lakini aliyeua aliua kwa mkono. Hata hivyo hoja yake ya msingi inasimama, na ni hoja ya siasa na media kwa pamoja, kwamba ukitaka kujua kwa nini umma umebadili msimamo usiangalie tu viongozi walisema nini, angalia habari zilipangwaje pembeni ya habari nyingine mpaka msomaji akaunganisha mwenyewe.

Mbinu hiyo hiyo akaipeleka kwenye kitabu cha 2010 kuhusu Wounded Knee. Wengi tunajua tukio lenyewe, tarehe 29 Desemba 1890 jeshi la Marekani likawaua watu wa Lakota kule South Dakota, makadirio yanaanzia 150 na wengine wanafika karibu 300, wengi wanawake na watoto. Kawaida inasimuliwa kama stori ya jeshi na Wahindi Wekundu. Yeye akairudisha Washington. Rais Benjamin Harrison alishinda 1888 huku mpinzani wake kamzidi kura za wananchi, chama kikaogopa, na kati ya Novemba 1889 na Julai 1890 kikaingiza majimbo mapya 6 ambayo kilitegemea yatakiletea maseneta. Eneo la Wasioux, ambao Walakota ni sehemu yao, likavunjwa vunjwa ili walowezi waingie. Uchaguzi wa Novemba 1890 Republican wakapigwa vibaya kwenye Baraza la Wawakilishi, Seneti ikawa inaning'inia, South Dakota ina uzito, na walowezi wa South Dakota wanataka wanajeshi, wanataka na ile biashara inayokuja na wanajeshi. Majeshi yakapelekwa. Kwa hesabu yake yeye mauaji yale yana mizizi kwenye hesabu za viti. Nilipoisoma mara ya kwanza ilinichukua muda kukubali, maana unataka kuamini kwamba watu wanakufa kwa sababu kubwa, unakuta ni kiti cha seneta.

Vitabu vya baadae ni vipana zaidi. 2014 historia nzima ya chama cha Republican, ambayo anaionyesha inazunguka, kinaanza na kiongozi anayetaka fursa kwa wote, Lincoln, Theodore Roosevelt, Eisenhower, halafu baada ya muda kinarudi mikononi mwa wenye hela. Mimi mzunguko huo unanipa mashaka kidogo, umekaa vizuri mno. Cha 2020, kilichochapwa na Oxford, kinadai kwamba mawazo ya wenye watumwa hayakufa 1865, yalihama yakaenda magharibi, yakavaa kofia ya kauboi, yakarudi kwenye siasa za taifa na Barry Goldwater, mgombea urais wa Republican 1964, na rais Reagan baadae. Humo ndo anamtumia sana seneta James Henry Hammond wa South Carolina, aliyesimama Seneti tarehe 4 Machi 1858 akasema kila jamii lazima iwe na tabaka la chini la kufanya kazi ngumu, kama boriti lile la chini kabisa linalolazwa kwenye udongo nyumba ikae juu yake. Lincoln akalijibu wazo hilo Septemba 1859 Milwaukee mbele ya wakulima, akisema mtu anaanza kwa kuajiriwa, anaweka akiba, anakuja kujitegemea, hakuna aliyezaliwa kuwa boriti. Ukisoma barua zake za usiku utakutana na Hammond na Lincoln hao mara kwa mara, ukijua kitabu unaelewa kwa nini.

Kwahiyo mwaka 2019 ulipofika mtu huyu alikua na vitu ambavyo mwandishi wa habari wa kawaida hana. Anakijua chama cha Republican, chama cha Trump, tangu kizaliwe 1854. Anajua kusoma sheria na barua rasmi. Na kikubwa zaidi, alishatumia miaka mingi kusoma magazeti ya siku baada ya siku na kujiuliza kati ya hizi habari 40 ipi ndo yenye maana. Pia alishaanza kujaribu kuandikia watu wa kawaida kabla, alishiriki kuanzisha tovuti ya wanahistoria wanaoandika bila lugha ya chuo, na alishakua na podikasti 2017. Hakutokea hewani.

Na barua yenyewe imekaaje? Inatoka karibu kila siku, mara nyingi usiku wa manane wa kwao, na kwa sababu tuko mbele yao saa 7 au 8 huku Afrika Mashariki inatukuta asubuhi au mchana mapema. Haina picha, haina vichwa vya kushtua. Inaanza na jambo la siku, labda uamuzi wa mahakama, inarudi nyuma 1868 kwenye marekebisho ya 14 ya katiba, yale ya uraia na haki sawa, inarudi tena leo, inaisha. Sentensi fupi, maneno ya kawaida, sauti haipandi. Chini kabisa kuna orodha ya viungo vya alikotoa taarifa, kama tanbihi za kitabu. Siku akichoka anasema nimechoka leo, anaweka picha ya bahari ya Maine na kulala, na mara nyingi picha kapiga mume wake ambaye ni mvuvi wa kambakoche. Kipindi cha korona alikua pia anakaa mbele ya kamera Facebook, Jumanne anajibu maswali ya siasa, Alhamisi anafundisha historia, bure.

Hiyo bure ni muhimu. Barua haijafungiwa. Ukitaka unalipa dola 5 kwa mwezi na hapo unaweza kuweka komenti, ukikosa unasoma hivyo hivyo kila neno. Substack inachukua asilimia 10 ya malipo. Desemba 2020 New York Times iliandika kwamba yeye ndo mwandishi mmoja mmoja anayelipwa zaidi kwenye jukwaa lile na alikua anaelekea kuingiza dola milioni moja kwa mwaka. Kufikia 2025 waliojiandikisha walishapita milioni 2. Na muda wote huo kabaki profesa Boston College. Mimi hapo ndo namheshimu sana, kwa sababu milango ya televisheni ilikua wazi, angeweza kugeuka mchambuzi wa kupiga kelele saa 2 usiku, hakugeuka.

Kwa nini kulikua na nafasi ya mtu kama yeye, hilo nalo ni historia ya media. Kuanzia 1949 Marekani ilikua na kanuni iliyowataka wenye redio na televisheni wazungumzie mambo yenye utata na watoe pande zote, ikafutwa 1987. Mwaka uliofuata Rush Limbaugh, mtangazaji wa redio wa mrengo wa kulia, akaanza kusikika taifa zima. Fox News, televisheni ya habari ya mrengo huo huo, ikaja Oktoba 1996. Upande mwingine magazeti ya miji midogo yakaanza kufa, zaidi ya 2,000 yamefungwa tangu 2004. Kwahiyo msomaji wa kawaida kabaki na vitu viwili, kelele za studio na vipande vipande vya habari za simu, kila saa kipya, hakuna anayemwambia hiki kinatokana na kile. Wasomaji wake wengi mwanzoni walikua wanawake wa makamo na wazee, watu walioona nchi yao inaenda kasi wakataka mtu mtulivu wa kuwashika mkono. Kuna wasomi wanawadharau wasomaji hao na mimi naona ni dharau mbaya. Bibi wa miaka 65 anayeuliza samansi ni nini ndo raia ambaye chuo kikuu kilitakiwa kimhudumie tangu zamani.

Sio yeye peke yake aliyetoka nje ya ukuta wa chuo. Mwaka 2017 Nicole Hemmer, Brian Rosenwald na Kathryn Cramer Brownell, wote ni watu wa historia ya siasa na media, walianzisha ukurasa wa wanahistoria ndani ya Washington Post ambao baadae 2023 ulihamia jarida la TIME. Ile ilikua njia ya kupitia mlango wa gazeti, mhariri anakusoma, anakukatia, anakuuliza hili umelitoa wapi. Richardson hapiti kwenye chumba cha habari cha mtu. Anaandika usiku, inatoka usiku huo huo kwa mamilioni. Na hapo tunafika kwenye sehemu ngumu ya kisa hiki.

Lawama ya kwanza ni kwamba ana upande. Ni kweli anao, hafichi kwamba anaiona harakati ya Trump kama hatari kwa demokrasia, na Februari 2022, siku zile zile Urusi inaivamia Ukraine, alialikwa Ikulu akamhoji Biden. Kuna waliosema pale alitoka kwenye uanahistoria. Mimi siioni kuwa kosa mwanahistoria kuwa na msimamo. Ila mahojiano yale yalikua laini, na mtu aliyeandika vitabu vizima kuonyesha jinsi ikulu inavyotengeneza habari alikua na uwezo wa kuuliza maswali makali kuliko yale.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Tarehe 10 Septemba 2025 Charlie Kirk, mwanaharakati wa mrengo wa kulia aliyemuunga mkono Trump, alipigwa risasi na kuuawa kwenye mkutano chuo kikuu cha Utah Valley. Siku 3 baadae Richardson akaandika kwamba mtuhumiwa hakua mtu wa mrengo wa kushoto, kwamba katoka familia ya Republican inayopenda silaha na anaonekana kaukumbatia mrengo wa kulia wa mbali. Taarifa za aina hiyo zilikua zinazunguka mitandaoni siku zile, watu wanasoma maneno yaliyochongwa kwenye risasi na kila mmoja anatafsiri. Tarehe 16 hati ya mashtaka ikatoka, ikimnukuu mama wa mtuhumiwa akisema mwanae alikua ameanza kuelekea kushoto. Barua ilishawafikia watu. Wapinzani wake wakaishika, na safari hii walikua na haki ya kuishika.

Naliona hili kama jambo linalotoka moja kwa moja kwenye nguvu yake. Ukikaa na magazeti ya 1871 unajua mwisho wa stori. Una Tribune mezani, una gazeti la Charleston, South Carolina, una barua binafsi za wahusika, una sensa, na mtu akidanganya Mei unamkamata kwa karatasi ya Juni. Sauti ile tulivu ya kujiamini inatoka hapo, mtu ameshaona zote. Habari ya siku 3 haina hata kimoja cha hivyo lakini sauti inayoiandika ni ile ile, na msomaji hawezi kutofautisha wapi anaongea mtu aliyekaa miaka 20 na nyaraka za ujenzi wa Kusini na wapi anaongea mtu aliyesoma mtandao kama sisi wote jioni ile. Kuhusu Hammond mwamini. Kuhusu mtuhumiwa aliyekamatwa juzi, hana faida yoyote ya ziada kuliko ripota wa polisi wa Utah, na ripota ana mhariri.

Na yeye ndo mtu wa kwanza aliyenifundisha hatari hiyo, kwenye kile kitabu cha 2001. Pike aliaminiwa Kaskazini sio kwa sababu alikua na ushahidi, ni kwa sababu alikua mtu wao. Simlinganishi Richardson na Pike kwa nia wala kwa ukweli, Pike alikua mbaguzi aliyetumika kubomoa haki za watu na yeye maisha yake yote kazibomoa hoja za watu kama Pike. Ninacholinganisha ni hali ya msomaji. Mamilioni wanaofungua barua ya mtu mmoja kila asubuhi kwa sababu wanampenda wako kwenye hatari ya namna ile ile, na hata akiwa mkweli kiasi gani ni lazima siku moja ateleze, kwa kasi ile haiwezekani vinginevyo. Alichotakiwa kufanya kwa maoni yangu ni kuandika juu kabisa ya barua inayofuata kwamba nililoandika tarehe fulani halikuthibitishwa, kwa maneno 30 tu, na wasomaji wake wangempenda zaidi.

Vijana wanaosoma historia, hata huku kwetu ambako kila mtu anakuuliza na hiyo digrii utafanya nini, wakiniuliza kama njia hii inafuatika nawaambia waangalie tarehe. Kitabu cha kwanza 1997, posti ya nyigu 2019. Kati yake kuna vitabu 5 vilivyotoka na cha 6 kilichokua kinakaribia, mishahara ya chuo iliyolipia miaka ya kukaa makavazi, na bima ya afya. Kizazi kinachotoka na udaktari wa historia Marekani sasa hivi nafasi hizo za kudumu hazipo kwa wengi, wanafundisha kwa mkataba wa muhula, na mtu wa mkataba wa muhula hapati miaka ya kusoma magazeti ya South Carolina. Substack inaweza ikamlipa aliyekwisha kuiva, haina utaratibu wa kumlipa anayeiva.

Yeye mwenyewe amewahi kusema anapoandika humfikiria mwanafunzi wa miaka 150 ijayo atakayetaka kujua siku hizi zilikuaje. Naamini mwanafunzi huyo atakuja, na barua hizi zitamfaa sana, ile ya tarehe 13 Septemba 2025 ikiwemo. Atakua na hati ya mashtaka pembeni, ataona siku 3 zile watu wenye akili walikua wanaamini nini na kwa nini, na ataanza kufuata vile viungo vya chini ya ukurasa kimoja kimoja. Wasomaji wa leo nao wanaweza kuvifuata asubuhi hiyo hiyo, viko pale kila siku, na ni wachache sana wanaovibonyeza.